Mfanyabiashara, Ufunguo wa Ghala Lako Anao Nani?

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mazao, viwango vya fedha za kigeni na mwenendo wa hisa. Wiki hii tunaomba nafasi ya kuzungumzia kitu ambacho hakina bei sokoni, lakini kinaweza kufilisi duka au kupunguza gawio la mwanahisa. Nacho ni ufunguo wa ghala la kumbukumbu.

Wafanyabiashara wengi, wakubwa kwa wadogo, hawaweki tena ankara, orodha za wadeni na nakala za hati kwenye makabati peke yake. Wanazihifadhi kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta za makampuni makubwa, huduma inayoitwa hifadhi ya wingu. Inayojulikana sana ni S3 ya kampuni ya Amazon ya Marekani, iliyoanza Machi 2006 kwa bei ya senti 15 za dola kwa kila gigabaiti kwa mwezi. Tangu Aprili 2020 kampuni hiyo ina kituo Cape Town, Afrika Kusini, hivyo kumbukumbu zinaweza kukaa humu humu barani.

Ghala hilo halina karani mlangoni. Programu ya duka lako ndiyo inayopeleka ombi: pokea faili hili, au toa lile. Ombi la kugusa mali isiyo ya hadharani hapana budi liwe na saini, na saini yenyewe hutengenezwa hivi. Mwenye ghala hupewa ufunguo wenye sehemu mbili: namba ya kumtambulisha, na siri. Siri haisafiri pamoja na ombi. Programu huchukua maelezo ya ombi, yaani kitendo, jina la faili, tarehe na saa, ikayapigia hesabu pamoja na siri ile kwa kanuni iitwayo HMAC-SHA256. Jibu ni saini ya herufi na tarakimu 64. Amazon nayo hupiga hesabu hiyo hiyo kwa upande wake. Majibu yakilingana, na ufunguo ule una ruhusa ya kazi hiyo, mlango hufunguka. Mtu akibadilisha jina la faili njiani, au saa ya kompyuta yako ikipishana na yao kwa zaidi ya dakika 15, ombi hukataliwa.

Ni kama hundi, ila kwa tofauti moja kubwa. Karani wa benki anaweza kuitilia shaka saini yako akakupigia simu. Hapa hakuna wa kupiga simu. Aliye na siri ndiye mwenye mali.

Maoni yetu ni kwamba wenye biashara wengi wamemwachia fundi siri hiyo bila kuuliza lolote. Fundi huchukua ufunguo mkuu wa akaunti, akauandika ndani ya programu, na programu ikanakiliwa kwenye simu za mawakala wote. Wengine huiweka programu hiyo hadharani kwenye intaneti, ambako wezi husaka funguo za namna hiyo usiku na mchana. Na siku mtakapoachana na fundi huyo, ufunguo anaondoka nao.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya maduka madogo tu. Mwaka 2019 mdukuzi alipenya kwenye kinga iliyopangwa vibaya ya benki ya Capital One ya Marekani, akapata funguo za muda za kompyuta ya benki hiyo. Maombi aliyopeleka S3 yalikuwa na saini halali, kwa hiyo ghala lilimfungulia. Taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zikachukuliwa. Kosa kubwa ni kwamba ufunguo ule ulikuwa na madaraka mapana kuliko kazi yake. Mwaka 2020 benki ilitozwa faini ya dola milioni 80, na baadaye ikakubali kuwalipa wateja dola milioni 190 kumaliza kesi. Hasara ya namna hiyo inaweza kugusa mfuko wa wenye hisa.

Kinga yake haihitaji utajiri. Kwanza, ufunguo mkuu usiwekwe ndani ya programu yoyote. Pili, kila programu ipewe ufunguo wake wenye kazi yake tu. Inayopeleka risiti haina haja ya uwezo wa kufuta. Amazon haitozi ada kwa kugawa madaraka hayo. Tatu, mteja akitaka ankara yake, apewe kiungo kilichosainiwa kwa faili hilo moja na kwa muda maalumu, usiozidi siku 7. Ni sawa na hati ya kutolea mzigo godauni: humpa mtu gunia lake bila kumpa ufunguo, ingawa hati ikipotea, aliyeiokota anaweza kuitumia.

Nne, msilipie saini ya kubuni. Wapo mafundi wanaopenda kuandika hesabu ya saini wenyewe, na kwa mashine ndogo isiyobeba programu kubwa huenda hakuna njia nyingine. Kwa wengine, Amazon hutoa bure programu zinazosaini zenyewe. Aliyejiandikia saini ya toleo la pili alijionea hasara: kituo cha Cape Town hupokea toleo la nne pekee, kwa hiyo akitaka kuhamia huko hana budi kulipia kazi hiyo upya.

Kwa mwenye hisa ndogo, swali ni hilo hilo. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, baada ya kuuliza gawio, uliza kumbukumbu za wateja zinatunzwa wapi na funguo zake zina madaraka gani.

Nawe mwenye duka, kabla ya kufunga hesabu za mwezi huu, muulize fundi wako: ufunguo wa ghala letu umeandikwa wapi, na nani anaweza kuufuta? Akisita kujibu, ufutwe na utolewe mwingine.