Mkuki wa Kimondo? Usiingizwe Mjini!

Juzi hapa Tunduma mshikaji wangu alishatoa noti, anunue "mkuki wa mababu" akamuuzie mzungu ng'ambo, Nakonde. Muuzaji anaapa kwamba chuma chake kimetoka kwenye Kimondo cha Mbozi! Nikamvuta shati: hebu ngoja kwanza.

Bwana, Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa kweli. Waliyeyusha mawe yenye chuma kwenye matanuru ya udongo, kwa makaa na mivukuto. Kimondo cha nini tena? Lile dude la Ndolezi, tani 12 hivi, ni chuma chenye nikeli, na linalindwa kisheria.

Basi tukaukagua. Mkuki wa mhunzi hufuliwa kwa nyundo: unene haulingani, na pale pa kuingizia mpini bamba limekunjwa, ufa wake unauona. Huu ulikuwa na mikwaruzo ya grenda iliyonyooka kama daftari, na donge la kuchomelea. Springi ya gari hiyo, baba! Kutu nayo ya juu juu, ukipangusa inahamia kidoleni. Wengine hupima kwa sumaku, lakini sumaku inanasa hata msumari wa jana.

Kazi yenyewe si mbaya, makali yapo. Ungeuzwa kama pambo, ningenunua mimi. Na ungekuwa wa kale kweli, kuuvusha mpaka bila kibali cha serikali ni kesi.

Mshikaji akarudisha noti mfukoni. Muuzaji je? Akashusha bei nusu, eti sasa ni wa babu yake mzaa mama.