Dawa ya homoni pekee haitaliangamiza gugumaji

KILA gugumaji linapoifunika Ghuba ya Winam na mitumbwi ya wavuvi wa Kisumu kukwama, hujitokeza kauli kwamba Ziwa Victoria linyunyiziwe dawa ya kemikali. Kabla ya kuafiki wito huo, ni muhimu tuelewe kinachouongoza mmea huu kukua.

Ukuaji wa mimea huendeshwa na homoni. Oksini, inayotengenezwa kwenye kilele cha mmea, huyazuia machipukizi ya kando. Sitokinini nayo huyachochea. Machipukizi hayo ndiyo huzaa miche mipya, na katika mazingira mazuri gugumaji laweza kuongezeka maradufu kwa majuma mawili. Ndiposa kulikatakata kwa mashine hakutoshi: kipande chenye chipukizi hai, kikiondokewa na kilele, huchipuka upya.

Dawa iitwayo 2,4-D, iliyovumbuliwa miaka ya 1940, huiga oksini. Oksini kidogo huukuza mmea. Ikipita kiasi, mmea hukua ovyo, mashina hujipinda na hatimaye hufa. Hata hivyo, mmea uliokufa huzama na kuoza. Uozo huo humaliza oksijeni wanayoitegemea samaki na kurejesha virutubisho majini. Aidha, mbegu zilizofukiwa matopeni zaweza kudumu hata miaka 20.

Ikumbukwe pia kwamba mimea inapopata naitrojeni tele huunda sitokinini zaidi. Naitrojeni hiyo yatoka kwetu: majitaka ya miji, na mbolea inayosombwa kutoka mashambani na mito kama Nyando. Kwa maneno mengine, sisi wenyewe tunaliamuru gugu lizae, kisha tunatafuta dawa ya kulikomesha.

Historia yathibitisha hayo. Fukusi walioachiliwa ziwani mwaka wa 1997 walichangia pakubwa kulipunguza gugumaji. Lakini mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilipojaza ziwa virutubisho, lilirejea kwa kishindo.

Serikali za kaunti zinazopakana na ziwa hazina budi kuwekeza katika usafishaji wa majitaka, nao wakulima wa nyanda za juu wahifadhi kingo za mito. Bila hivyo, fedha zitakazotumiwa kununua dawa zitazama pamoja na gugu lenyewe, na mvuvi ataendelea kurejea nyumbani mikono mitupu.