Ng'ombe wa Msalato ana karatasi, babu yako hana

Ukimtajia mtu wa Dodoma neno mnada, akili yake inakimbilia Msalato. Jumamosi, vumbi, ng'ombe, mbuzi, mitumba na moshi wa nyama choma. Kama ana mkopo aliochelewa kuulipa, basi neno hilohilo linamkumbusha dalali na kipaza sauti chake. Mnada ninaotaka kuuzungumzia leo hauna moshi wala vumbi. Unafanyika kwenye skrini, dau linapanda kwa kubofya, na kinachouzwa ni picha za kale za karatasi. Wanaouzwa humo, wasomaji wangu, ni babu zetu na bibi zetu.

Niende moja kwa moja. Miezi michache iliyopita nilikuwa natafuta picha ya kuweka kwenye makala yangu kuhusu mradi wa karanga wa Kongwa. Kwa wale mliosinzia darasani: mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, ikaanzia Kongwa, hapahapa Ugogo. Ardhi ikawashinda, mvua ikawashinda, na Januari 1951 wakatangaza kuachana na mradi baada ya kuzamisha pauni milioni 36 hivi. Katika kupekua nikakutana na fungu la picha 12 za Kongwa kwenye mnada wa mtandaoni huko Uingereza. Picha halisi kabisa za enzi hizo, nyeusi na nyeupe, kingo zimejikunja, nyuma kuna mwandiko wa mkono. Makadirio ya bei yalikuwa pauni 80 hadi 120.

Nikajisajili. Nikaweka pauni 70, nikijiona na mimi ni mtu kati ya watu. Dakika tano hazikuisha nikawa nimepitwa. Nyundo iligongwa kwenye pauni 140. Ongeza ada ya mnunuzi, ambayo kwenye mnada ule ilikuwa robo ya bei, unafika 175. Piga hesabu kwa shilingi: haifiki bei ya dume la maana pale Msalato. Kwa pesa pungufu ya ng'ombe mmoja, Kongwa ikaenda kwa mtu nisiyemjua.

Lakini kilichoniuma si kushindwa. Kilichoniuma ni maelezo. Kwenye picha moja kuna wanaume zaidi ya ishirini wamesimama mbele ya trekta. Mzungu mmoja mwenye kofia, aliyesimama pembeni, ametajwa kwa jina na cheo. Wengine wote wameandikwa kwa pamoja kuwa ni vibarua wa Kigogo. Basi.

Sasa linganisha. Ng'ombe hapiti mnadani hivihivi. Anakuja na chapa ya mwenyewe, na kibali kinachoonyesha ametoka wapi na ni wa nani. Tuna hata sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, ya mwaka 2010. Ukikutwa na ng'ombe asiye na karatasi unalala ndani. Babu anauzwa bila jina na hakuna anayeshtuka.

Pengine unajiuliza, kwani karatasi kuukuu ina thamani gani? Wakusanyaji wana utaratibu wao. Picha wanayoisaka ni ile iliyosafishwa karibu na wakati ilipopigwa, na mpiga picha mwenyewe au chini ya macho yake. Negativu ileile unaweza kuisafisha tena kesho ukapata picha inayong'aa kuliko ya kwanza, na bado ile ya kwanza yenye madoa ndiyo ghali. Wanapima aina ya karatasi, mhuri wa nyuma, saini, na historia ya umiliki, yaani ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Mei 2022, nakala ya awali ya picha ya Man Ray ya mwaka 1924, ile ya mgongo wa mwanamke uliochorwa matundu ya fidla, iliuzwa na Christie's jijini New York kwa zaidi ya dola milioni 12, ikaweka rekodi ya picha ghali kuliko zote zilizowahi kuuzwa mnadani. Na yule mwanamke? Anajulikana. Ni Kiki wa Montparnasse, jina la kuzaliwa Alice Prin. Maisha yake ni sehemu ya hadithi inayoipa ile picha thamani.

Upande wetu mambo ni tofauti. Mwaka 1991 kulikuwa na maonyesho ya sanaa ya Afrika huko New York, na baadhi ya picha za studio kutoka Bamako ziliandikwa kwamba mpiga picha wake hajulikani. Huyo asiyejulikana alikuwa Seydou Keïta. Alikuwa hai, alikuwa Bamako palepale, na wenyeji walimfahamu. Ilibidi mtu apande ndege aende akaulize ndipo apatikane. Mwaka 1994 akaonyeshwa Paris, akawa maarufu dunia nzima kabla ya kufariki mwaka 2001. Tumshukuru Mungu mpiga picha alipata jina lake. Lakini wengi wa waliokaa mbele ya kamera yake, na nguo zao nzuri na redio zao mapajani, bado wanapita kwenye minada bila majina.

Najua hapa kuna ndugu yangu ameshapandisha mori: "Wazungu wametuibia!" Taratibu. Hapa ndipo mimi na wewe tunapoachana njia.

Kuna Mwingereza mmoja aliitwa Humphrey Winterton. Kwa miaka mingi alinunua picha za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960. Mwaka 2002 mkusanyiko wake, wenye picha zaidi ya 7,000, ukachukuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, nao wakauweka kwenye intaneti. Vilevile Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani iliipa Wikimedia makumi ya maelfu ya picha, zikiwemo za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na biashara ya picha Dar es Salaam enzi za ukoloni wao. Unaweza kuzitazama sasa hivi ukiwa umebanwa kwenye daladala ya Nkuhungu, bila kulipa chochote. Bila watu wa aina ya Winterton nyingi zingeshaliwa na mende. Tukubali.

Simsafishi kila mkusanyaji. Upo ubaya wa mnada na nimeuona kwa macho. Muuzaji akipata albamu nzima ya familia ya afisa wa zamani, mara nyingi anaichana na kuuza ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu vipande vinaleta pesa kuliko albamu nzima. Picha ya mkutano wa machifu inakwenda Paris, ya reli inakwenda kwa mpenzi wa treni, ya mwanamke anayetwanga inakwenda kwa mwingine. Ule mtiririko uliokuwa unakuambia mahali na mwaka unakufa hapo. Halafu fungu linaingia kabatini kwa mtu binafsi, na hulioni tena miaka thelathini.

Lakini kabla hatujamnyooshea kidole mtu wa London, tujitazame. Gazeti moja nililowahi kulifanyia kazi, silitaji, lilihamisha ofisi. Masanduku matatu ya picha za karatasi, za enzi za chumba cha giza, yakabebwa hadi shimoni nyuma ya jengo na kutiwa kiberiti. Nilipouliza, mkubwa mmoja akanijibu, "Kijana, si tuna kompyuta siku hizi?" Kompyuta tunayo, ndiyo. Hizo picha hazikuwahi kuingizwa humo. Niliwahi kuokoa bahasha moja, picha 43. Kuna wabunge wanacheka, kuna mafuriko, kuna timu ya mpira, kuna bwana harusi ambaye sijui aliingiaje kwenye faili la michezo. Nyuma ya nyingi hakuna hata neno moja. Wala hakuna Mzungu aliyekuja na gunia usiku ule. Tulifanya wenyewe, mchana kweupe.

Na tusidhani ujinga huu ni wa maskini tu. Magazeti makubwa ya Marekani, na kampuni ya Fairfax ya Australia, yalikabidhi masanduku ya picha zao kwa mfanyabiashara John Rogers wa Arkansas, aliyeahidi kuziingiza kwenye kompyuta. Mwaka 2014 FBI walivamia maeneo yake, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa ulaghai. Magazeti yakajikuta yanahangaika kutafuta yalichokitoa kwa mikono yao. Picha za gazeti ni mali. Wenzetu wamejifunza kwa maumivu, sisi tunatia kiberiti.

Turudi Kongwa. Baada ya kushindwa mnadani nilizichapa zile picha kutoka kwenye ukurasa wa muuzaji, ubora hafifu hivyohivyo, nikapanda basi hadi kwa bibi yangu mzaa mama. Ana zaidi ya miaka 85. Wakati matrekta yanakuja alikuwa binti mdogo wa kuchota maji.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Umeniletea nini?"

Nikampa ile ya wanaume ishirini. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Nikamweleza kwamba wameandikwa ni vibarua wa Kigogo. Akacheka hadi akakohoa.

"Wagogo gani hawa? Hebu tazama masikio yao! Hawa walikuja na treni."

Kwa wasiojua, Wagogo wa rika lile walikuwa wakitoboa masikio na kupanua ndewe, alama ambayo huwezi kuikosa. Kati ya wale watu, aliona wawili tu wenye ndewe hizo. Mmoja hakumjua. Wa pili, yule wa mwisho kushoto ambaye nusu ya uso imekatwa na kingo, alimtaja jina, jina la baba yake na kijiji chake. Alikuwa mpiga zeze, anasema, na harusi bila yeye haikuitwa harusi. Jina silitaji hapa mpaka wajukuu zake waridhie, maana wapo, mmoja anauza mahindi Kibaigwa.

Dakika kumi tu. Bila maabara, bila shahada. Maelezo yaliyokaa nyuma ya picha kwa miaka zaidi ya 70 yalipinduliwa na bibi aliyeketi kwenye kigoda.

Hii ndiyo hoja yangu. Tunapiga kelele picha zirudishwe, na mimi sipingi zikirudi. Lakini zikirudi bila majina tutakuwa tumezihamisha kutoka kabati la Ulaya kwenda kabati la Dodoma. Majina hayako Ulaya, kwa hiyo hayawezi kurudishwa na balozi yeyote. Yako Mpwapwa, Kondoa, Bahi, Mvumi, kwenye vichwa vya watu wenye miaka 80 na zaidi, na hao hawatusubiri.

Kwa hiyo, vyuo vikuu viwili vilivyoanza hapa Dodoma mwaka 2007, UDOM na St John's, wapeni wanafunzi wa historia kazi hii: washushe picha za eneo hili, wazichape, waende vijijini wakaulize. Kisha majina yapelekwe kwa wanaozihifadhi. Wahariri, kabla ya kuwasha kiberiti pigeni simu Idara ya Nyaraka za Taifa. Wakubwa wa makumbusho, tengeni kifungu cha kushiriki minada. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja waziwazi milango iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa ni ya kulindwa. Waliojali mlango wanashindwaje kujali uso wa aliyeufungua? Tunazungumzia bei ya ng'ombe mmoja, jamani.

Na wewe unayesoma, usijifiche nyuma ya serikali. Toa ile albamu chini ya kitanda cha mama. Chukua penseli laini, maana wino hupenya, andika nyuma taratibu: nani, wapi, mwaka gani, nani alipiga. Usiandike "mimi na marafiki". Miaka 70 ijayo huyo "mimi" atakuwa kibarua asiyejulikana.

Niliwaandikia wenye mnada nikawaomba wamfikishie mnunuzi jina la mpiga zeze, na kwamba wengi wa wale wengine si Wagogo. Wamejibu kwa mstari mmoja kwamba ujumbe umefikishwa. Mafungu huwa yanarudi sokoni, mwenyewe akifa au akiishiwa. Siku hilo likirudi, angalau mtu mmoja kati ya wale ishirini huenda akaingia mnadani na karatasi zake, kama ng'ombe wa Msalato.

Naomba kuwasilisha.