Kiraka si Aibu, Aibu ni Kutupa

Wako watu wanaodhani kwamba nguo huchakaa kwa kuvaliwa. Sivyo. Aghalabu nguo hufia kwenye karai, kwenye kamba na chini ya pasi, na wanaoiua ni sisi wenyewe tulioinunua kwa jasho letu.

Mkazi wa Kware, huku Kajiado, hana haja ya kuhubiriwa juu ya vumbi. Jina lenyewe la mtaa latokana na machimbo ya mawe, na wakati wa kiangazi vumbi huingia hata ndani ya sanduku. Tena maji ya visima vingi vya upande wa Kitengela yana chumvi. Sabuni hukataa kutoa povu, na mfuaji kwa hasira huongeza sabuni, huongeza nguvu, na mwisho humimina dawa ya kung'arisha. Shati hutoka jeupe kweli, lakini nyuzi zimekwisha kuliwa. Baada ya muda mfupi linachanika begani, na lawama zote humwangukia muuzaji.

Yafaa nguo yenye vumbi ikung'utwe ingali kavu, kisha irowekwe, ndipo ifuliwe. Maji ya mvua yakikingwa yatengwe kwa ajili ya kufulia, maana hayo hutoa povu kwa sabuni kidogo. Doa la damu lioshwe kwa maji baridi, kwa kuwa maji moto huligandisha. Sweta ya sufu isitiwe maji moto, isije ikanywea ikawa ya mtoto, wala isiguswe na dawa ya kung'arisha. Nguo za rangi zigeuzwe nje ndani na zianikwe kivulini, kwani jua la nyika hizi halina huruma.

SINDANO

Lakini kufua ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni sindano. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mshono uliofumuka kidogo leo hushonwa kwa dakika tano, ukiachwa hadi Jumapili utadai kiraka. Sare ya shule ikishonwa na upindo mpana, huteremshwa kadiri mtoto anavyorefuka. Kola iliyolika shingoni hufumuliwa, ikageuzwa na kushonwa tena. Shuka lililochakaa katikati hupasuliwa kwa urefu, kingo zake nzima zikaunganishwa katikati. Vifungo vya nguo isiyofaa tena vikatwe na kuwekwa koponi.

Yote haya twayajua, ila twaona haya. Kiraka kimefanywa cheti cha umaskini. Mbona Waingereza, nguo zilipouzwa kwa kuponi tangu 1941 hadi 1949, serikali yao ilitoa kijitabu cha kuwafundisha raia kutia viraka, na jambo hilo likahesabiwa kuwa uzalendo?

Kwetu, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwapa watoto wa shule za msingi somo la sayansi ya nyumbani, wakashika sindano darasani. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo hilo likapoteza nafasi yake katika mtihani, na sindano ikasahaulika.

Linalostaajabisha ni kwamba pale Athi River, jirani kabisa na Kitengela, katika viwanda vya EPZ, ndugu zetu hushona nguo zinazovaliwa Marekani. Wakitoka kazini hupita sokoni kununua mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa huko huko ng'ambo. Mikono ya kushona tunayo. Tumekosa tu kuitumia nyumbani kwetu.

MITUMBA

Atatokea wa kuniuliza: mtumba ni rahisi, kwa nini nihangaike na uzi? Namjibu kwamba kitu rahisi kinachonunuliwa mara nne si rahisi tena. Mtumba umekwisha kuishi maisha yake ya kwanza. Ukiufua kana kwamba unapigana na adui, hautastahimili. Wala tusisahau mwaka 2020, serikali ilipozuia uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa hofu ya korona. Siku kama hizo, aliyetunza alichonacho ndiye aliyesitirika.

Tena pesa anazolipwa fundi wa barazani kwa kubadilisha zipu hununua unga dukani papo hapo mtaani.

Na baba wa nyumba asiseme kwamba sindano ni kazi ya kina mama. Mafundi wangapi wa cherehani barazani ni wanaume, na hakuna awachekaye? Basi likizo hii, wazazi, mpeni kila mtoto, wa kiume kwa wa kike, uzi na sindano, na asirudi shuleni kabla hajajua kushikiza kifungo cha shati lake mwenyewe.