UCHAMBUZI: Lango la alama lisihamishwe mtahiniwa akiwa njiani

KILA matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hesabu ya kwanza inayopigwa nchini ni ya waliofikisha gredi ya C+, kiwango cha chini cha kujiunga na masomo ya digrii. Katika mtihani wa 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walifikisha kiwango hicho. Waliosalia, 716,121, ilibidi watafute njia nyingine.

Kuna wanaokiona kiwango hicho kuwa kikali. Hata hivyo, kina sifa moja ambayo aghalabu haitajwi: mwanafunzi huingia kidato cha kwanza akikijua.

Si kila mahali watahiniwa hupata bahati hiyo. Nchini India, mizozo kuhusu alama za chini imefika hadi Mahakama ya Juu mara kadhaa. Ukizisoma hukumu hizo utagundua kwamba majaji hawasumbuliwi sana na urefu wa lango. Kinachowakera ni lango kuhamishwa usiku.

Kesi iliyo wazi zaidi ilitoka jimbo la Rajasthan. Mwaka wa 2009, Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilitangaza nafasi 13 za watafsiri. Watahiniwa 21 walifanya mtihani wa kuandika, kisha wakahojiwa. Baada ya yote hayo, Jaji Mkuu wa jimbo akaamuru kwamba atakayeajiriwa sharti awe amepata angalau asilimia 75. Sharti hilo halikuwa limetangazwa. Waliopita walikuwa watatu tu.

Ajabu ni kwamba mlalamikiwa alikuwa mahakama yenyewe. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2008, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kesi kutoka Andhra Pradesh, ambako waliotaka kuwa majaji wa wilaya waliwekewa alama ya chini ya mahojiano wakati mahojiano yenyewe yalikuwa yamekwisha. Ilisema wazi kwamba kanuni za mchezo hazibadilishwi mchezo ukiwa umechezwa.

Licha ya msimamo huo, kesi ya watafsiri ilipofika mbele ya majaji watatu mwaka wa 2013, walishuku iwapo hukumu ya 2008 ilikuwa sahihi, wakaipeleka kwa jopo kubwa zaidi. Jopo la majaji watano lilitoa uamuzi Novemba 7, 2024. Lilishikilia kwamba masharti ya kustahiki yaliyotangazwa mwanzoni hayawezi kubadilishwa katikati, ila tu pale kanuni au tangazo lenyewe linaporuhusu. Na hata hapo, mabadiliko yasiwe ya kionevu. Kama kanuni zinaruhusu alama ya chini iwekwe kwa hatua fulani, iwekwe kabla ya hatua hiyo kufikiwa, ili asishtukizwe mtahiniwa wala msahihishaji.

Ni uamuzi mzuri. Lakini kutoka tangazo la kazi hadi uamuzi huo ilipita miaka 15. Aliyeomba kazi ya utafsiri akiwa na umri wa miaka 25 alikuwa amefikisha 40.

Vijana wanaotafuta nafasi vyuoni hawakupata kinga kama hiyo. Aliyetaka kusomea uhandisi katika vyuo vikuu vya kitaifa vya India kupitia mtihani wa JEE alitakiwa pia kuwa na asilimia 75 katika mtihani wa darasa la 12. Sharti hilo lilisimamishwa kuanzia 2020 hadi 2022 kwa sababu ya korona. Katikati ya Desemba 2022 ilitangazwa kwamba limerudi, ilhali awamu ya kwanza ya mtihani ilikuwa Januari 2023.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyemaliza darasa la 12 mwaka wa 2022 akiwa na asilimia 70. Wakati huo alama hizo zilimtosha, naye akaamua kukaa nyumbani mwaka mzima kujiandaa kwa JEE. Wizara ya Elimu ililegeza kamba kidogo kwa kuwakubali pia walio katika asilimia 20 ya juu ya bodi zao za mitihani. Mahakama Kuu ya Bombay ilitupilia mbali kesi ya kupinga sharti hilo, na Mei 2023 Mahakama ya Juu ikakataa kuingilia kati, ikisema hilo ni suala la sera ya elimu na kwamba sharti lilikuwepo zamani.

Kwa maoni yangu, tofauti kati ya mtafsiri wa Rajasthan na mwanafunzi huyo ni nyembamba mno. Wote wawili walijipanga kwa kanuni walizozikuta.

Isitoshe, hoja ya sera haikuwazuia majaji mwaka wa 2021 katika mzozo wa udaktari wa meno. Kustahiki nafasi kulitaka mtahiniwa wa kawaida awe amewapita nusu ya wenzake. Takriban nafasi 7,000 zilibaki wazi. Baraza la madaktari wa meno lilipendekeza kiwango kishushwe, kama kanuni zinavyoruhusu watahiniwa wasipotosha, lakini serikali ikakataa ikidai madaktari wapo wa kutosha. Mahakama ya Juu iliamuru kishushwe kwa pointi kumi. Hata vyuo vya kibinafsi vilishauriwa kufikiria kupunguza karo.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2023, serikali hiyo hiyo ilishusha hadi sufuri kiwango cha kustahiki masomo ya juu ya udaktari. Aliyeketi tu mtihanini alistahiki. Hapo ndipo unapoona kwamba alama ya chini, inayonadiwa kama kipimo cha ubora, mara nyingi ni hesabu ya viti.

Kwetu, Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maamuzi ya kiutawala yaliyo halali na ya haki. Gredi za KCSE zinazotakiwa kuingia Chuo cha Mafunzo ya Sheria, zilizomo katika sheria ya 2012, zimepelekwa kortini mara kadhaa na watu ambao tayari walikuwa na digrii ya sheria mkononi.

Mzozo mkubwa zaidi unaweza kuwa mbele. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni ya 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa wameshachagua mikondo yao: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wanatarajiwa vyuoni 2029. Masharti ya kozi za udaktari, uhandisi, ualimu na sheria yanapaswa kuwa mikononi mwao wangali wanaweza kubadili somo, wala si kuletwa kwa waraka baada ya kalamu kuwekwa chini.