Ghali si Helsinki, ghali ni kuhudumiwa

Wanafunzi wetu walioko Ulaya wana miji waliyojipiga marufuku wenyewe. Anayesoma Budapest, Warsaw au Tallinn atakwenda Prague, atakwenda hata Roma akibahatika kupata tiketi ya bei poa, lakini mtajie Helsinki uone. Anakuangalia kana kwamba umemwalika kwenye harusi ya tajiri asiyemjua. "Kule kahawa euro nne, bia euro nane. Tutakula nini?" Mazungumzo yameishia hapo. Kikombe cha kahawa kimeshatoa hukumu, na mji mzima umefungiwa nje ya ratiba.

Bei hizo ni za kweli, sibishi. Ya bia ni wazimu mtupu, na Wafini wenyewe kwa miaka mingi wamekuwa wakivuka bahari kwenda Tallinn kununua vinywaji na kurudi na vitoroli vimejaa. Ninachobishia ni kipimo. Mwanafunzi asiye na hela anaupima mji kwa vitu ambavyo hata kwao alikuwa havinunui, kisha anatangaza kwamba mji umemshinda.

Angalia kinachouzwa ghali Helsinki. Karibu chote ni kazi ya mkono wa mtu: akuletee sahani mezani, akuendeshe kwa teksi, akutandikie kitanda, akunyoe ndevu. Ufini haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Mishahara hupangwa kwa mikataba baina ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na dada anayekuletea kahawa yumo ndani ya mkataba. Anapokuletea, unalipa kodi yake ya nyumba, likizo yake na siku atakazougua. Sisi tumezoea chai ya bei ya kutupa, tukadhani ni baraka ya nchi yetu. Nani alisema ni baraka? Chai ile ni rahisi kwa sababu aliyeileta amesimama tangu alfajiri kwa ujira usiotosha nauli na chakula cha wanawe. Ukilalamikia bei ya mgahawa wa Helsinki, ujue unalalamika kwamba mhudumu amelipwa.

Sasa ondoa kuhudumiwa, halafu uhesabu upya.

Nilivuka kwenda huko wakati nasoma Tallinn, na mwenzangu wa Mombasa tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja. Meli inachukua kama saa mbili. Ukifika, kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba boti ya kwenda Suomenlinna inapandwa kwa tiketi ileile ya tramu, kama euro tatu, na inaondokea Kauppatori, sokoni kabisa. Suomenlinna ni ngome iliyotandazwa juu ya visiwa. Waswidi walianza kuijenga mwaka 1748, ikasalimu amri kwa Warusi mwaka 1808, na mwaka 1991 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu mia kadhaa bado wanaishi humo na wanakwenda kazini kwa boti hiyohiyo. Makumbusho ya ndani yana kiingilio, lakini kuta, mizinga, mapango na ufuko wa mawe havina. Unabeba mkate wako, unakaa juu ya boma unatazama meli zikipita, na hakuna mtu atakayekuja kukuuliza utaagiza nini.

Au chukua Oodi, maktaba iliyofunguliwa Desemba 2018, ikitazamana uso kwa uso na bunge. Ndiyo, maktaba. Najua msafiri wa kwetu akisikia neno hilo anapiga miayo. Ndani kuna cherehani, studio za muziki, mashine za kuchapa vitu vya plastiki, meza za chesi, na ghorofa ya juu yenye vioo ambako watoto wanatambaa kati ya rafu za vitabu. Hakuna anayekuomba kitambulisho mlangoni. Sheria ya maktaba ya Ufini inataka matumizi ya maktaba na kuazima vitabu viwe bila malipo, na mgeni aliyeshuka kwenye meli asubuhi ile anakaa humo sawa na mbunge aliyevuka barabara. Mvua ikinyesha, na itanyesha, hapo ndipo pa kukaa. Hatua chache kutoka Uwanja wa Seneti kuna Makumbusho ya Jiji la Helsinki, nayo haina kiingilio.

Maji nayo yana kisa chake. Mwenzangu alikataa katakata kunywa ya bomba. "Maji ya bafuni, ndugu yangu? Wanitakia nini?" Sikumcheka, maana aliyekulia Kisauni ana sababu zake za kutoyaamini maji ya mfereji. Akawa ananunua chupa, kila moja kwa bei ya mlo, na akishamaliza anaitupa pamoja na amana ya senti ishirini ambayo mashine ya dukani ingemrudishia. Wakati huo bombani yanatoka maji ya ziwa Päijänne, yanayokuja Helsinki kupitia handaki la kilomita 120 lililochongwa kwenye mwamba na kukamilika mwaka 1982. Jioni, baada ya kupiga hesabu ya chupa zake, akafungua bomba mwenyewe bila kusema neno. Fedha za wasafiri wengi wanaolia ughali huvujia humo, kwenye kununua kile ambacho jiji limeshakitoa.

Tukaenda pia Sompasauna, sauna iliyoanzishwa na watu wa kujitolea, isiyo na kiingilio wala mlinzi, ambako kuni unapasua mwenyewe na baharini unajitosa mwenyewe. Tahadhari kwa waliolelewa kama sisi: wanaume na wanawake hukaa pamoja, na nguo ni hiari. Mwenzangu alighairi nje, akasema atalinda mabegi.

Na msitu je? Ufini ina desturi yenye nguvu ya sheria iitwayo jokamiehenoikeus, haki ya kila mtu. Unaruhusiwa kutembea kwenye msitu wa mtu binafsi, kuchuma matunda ya porini na uyoga, hata kulaza hema usiku mmoja, mradi usiharibu wala usimsogelee mwenye nyumba. Haki hiyo haiulizi pasipoti yako ni ya wapi. Hifadhi za taifa hazina kiingilio. Nuuksio, msitu na maziwa yake, inafikika kwa basi la kawaida, na kwenye sehemu rasmi za kukokea moto kuni zimepangwa kabisa, nawe unawasha, labda iwe siku ya tahadhari ya moto. Mwezi Juni mwanga wa mchana unakaribia saa 19, kwa hiyo hata muda unapewa wa nyongeza.

Wapo wanaosema dawa ya ughali ni kusafiri wawili, mgawane gharama. Inategemea huyo wa pili ni nani. Rafiki anayeona aibu kula mkate aliobeba, anayetaka kila picha iwe na kikombe mbele yake, atakumaliza haraka kuliko hoteli. Rafiki anayefaa ni yule mtakayepika naye sufuria moja ya wali maharage kwenye jiko la hosteli, na atakayekumbuka kwamba supamaketi nyingi hushusha bei ya vyakula vinavyokaribia tarehe, hasa usiku kabla ya kufunga. Mkitaka kula mgahawani, kuleni mchana wa siku ya kazi, wakati wa lounas, chakula cha kujipakulia ambacho mara nyingi kahawa imo ndani ya bei. Zingatia neno kujipakulia.

Nimewahi kuambiwa kwamba huko ni kudoea, kwamba vya bure vya Helsinki vimelipiwa na Wafini na mgeni anakwenda kuvila tu. Hoja dhaifu. Chochote mgeni anachonunua anakilipia VAT, na kiwango chake cha kawaida tangu Septemba 2024 ni asilimia 25.5. Kijana wa kwetu anayesoma hukohuko Ufini amekuwa akitozwa ada tangu mwaka 2017, ikiwa programu yake ni ya Kiingereza na hatoki Umoja wa Ulaya. Isitoshe, waliojenga Oodi waliiacha bila mlinzi wa tiketi kwa makusudi. Mwenyeji akikuachia mlango wazi, wewe unasimama nje kwa heshima ya nini?

Kama tunataka kusema juu ya ughali, basi tuuseme ule wa kweli, ambao hauko kwenye kahawa. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen anaingia Ufini bila viza, na ndiyo maana nawalaumu hao wa Warsaw na Tallinn wanaojifungia. Mwenzao aliyebaki Dodoma au Kisumu hana nafasi hiyo. Kabla hajaliona hata boma la Suomenlinna, anatakiwa aonyeshe taarifa ya benki, bima, tiketi, mahali pa kulala, kisha alipe ada ya viza ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90. Akinyimwa, hairudishwi. Fedha hiyo ingewavusha watu wawili kwenda Suomenlinna na kurudi kama mara saba.