Wito wa Mzee Hudai Mwitikio

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii ina sharti lisilotamkwa: lazima awepo wa kuisikia mbiu na kuitikia. Ni sharti hili linalosahauliwa panaposifiwa vifaa vya kuitia msaada vinavyovaliwa na wazee wanaoishi peke yao.

Nchini Uingereza, ambako vifaa hivi vimetumika kwa miongo kadhaa, mzee huvaa kitufe shingoni au mkononi. Aangukapo, hukibonyeza, na mtambo uliomo nyumbani humpigia simu mhudumu aliye kituoni usiku na mchana. Mhudumu huzungumza naye kupitia kipaza sauti, kisha humtafuta jamaa, jirani au ambulensi. Manufaa yake ni bayana. Mzee anayelala sakafuni kwa saa nyingi hupungukiwa na maji na joto mwilini, na huweza kupata vidonda na hata madhara ya figo.

Hata hivyo, utafiti kuhusu wakazi wa Cambridge waliozidi umri wa miaka 90, uliochapishwa mwaka 2008, ulibaini kuwa vifaa hivi aghalabu havikutumiwa na walioanguka na kukaa sakafuni muda mrefu, ingawa vilipatikana kwa wingi. Baadhi hawakuona haja navyo, wengine walichelea kupoteza uhuru wao, na wengine walitatizwa na matumizi yenyewe. Kumbe kitufe pekee hakitoshi.

Funzo hili linaihusu Kenya. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Vijana wengi wamehamia mijini, na simu ya mkononi ndiyo imekuwa kiungo kati yao na wazazi. Kabla ya kuagiza vitufe kutoka ng'ambo, yafaa kwanza kubainisha ni nani atakayebisha hodi mzee aitapo. Majirani, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba, ndio msingi wa mpango wowote wa aina hiyo.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Kukiita kifaa hiki king'ora ni kupotosha, kwa kuwa king'ora hutisha na kufukuza, ilhali kifaa hiki huita. Istilahi "kengele ya wito" ingekifaa zaidi. Aidha, maelezo ya matumizi yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na sauti ya kituoni izungumze lugha anayoielewa mzee aliye katika maumivu na hofu.

Katika adabu za Waswahili, aitwaye na mkubwa huitikia "Naam", "Abee" au "Labeka", kisha huinuka na kwenda. Teknolojia inaweza kuufikisha wito mbali. Kuinuka na kwenda kungali wajibu wa binadamu.